Sakafu Yenye Meno

Wajukuu wangu, ambao mkubwa wao sasa ndiye fundi pale, wanataka kung'oa sakafu ya gereji. Wamenionyesha picha za vigae vya plastiki, vyekundu na vyeusi, vinavyoshikana vyenyewe bila saruji, na wanasema vikiwekwa pale patang'aa kama dukani. Nimewaambia hapana. Wakauliza kwa nini, nikawajibu kwamba mwenye sakafu ni mimi. Hilo ni kweli, lakini si jibu. Jibu naliandika hapa kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, walisome wenyewe.

Nyumba yetu iko Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma. Ubavuni mwake kuna banda la mabati ambalo mume wangu alilijenga enzi alipokuwa fundi wa injini kwenye karakana ya serikali. Alilijenga liwe la gari. Gari halikuja. Ikaja miaka ya foleni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na mtu mwenye tairi moja zima aliitwa tajiri. Karakana nayo ikakosa vipuri. Mafundi walikuwa wanakaaga kwenye benchi toka asubuhi hadi jioni wakitazama magari yaliyopandishwa juu ya mawe. Ulipofika wakati wa kupunguza watu, yeye akawa katika wale wa kwanza. Alirudi nyumbani na sanduku lake la spana, akalitua katikati ya lile banda, akasema, "Haya. Banda limepata gari lake."

Hakucheka, na mimi sikucheka.

Hivyo banda likawa gereji. Watu walimjua. Walimletea injini za mashine za kusaga, injini za boti za wavuvi, mara moja moja lori. Hakuwa na mashine ya kupimia kitu chochote. Alikuwa anaweka sikio kwenye bomba refu la chuma, ncha ya pili anaigusisha kwenye injini, kisha anakwambia ugonjwa. Sisi wa nyumbani tulikula kwa hilo sikio na kwa hizo spana, na watoto wakaenda shule kwa hizo hizo.

Sakafu ya banda ilikuwa ya udongo. Hapa lazima niseme jambo ambalo wajukuu hawalijui. Mimi nimezaliwa kijiji cha wavuvi, kwenye ile ncha ya nchi inayoingia ziwani. Yeye watu wake ni wa ng'ombe, upande wa Butiama. Tulitofautiana vyakula, tulitofautiana lugha, lakini katika nyumba zetu zote mbili sakafu ilikuwa ya mwanamke. Mwanamume anasimamisha ukuta na paa. Chini ni kwako. Unaipiga udongo hadi ukaze, unachanganya samadi mbichi na majivu, unapaka kwa kiganja, nusu duara baada ya nusu duara, ukirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mwanamume mwenye adabu hasemi neno juu ya sakafu ya mkewe. Akisema ina vumbi, amekutukana. Mama yangu aliambiwa hivyo na baba mara moja tu, akaenda kwao akakaa wiki nzima.

Basi hata gereji niliipaka mimi, kila Jumamosi, nikizunguka injini zake.

Mambo yakaanza kulegea. Watu wakasema sasa ni ruksa. Maduka yakapata vitu, mashine za kusaga zikaongezeka vijijini, kazi ikawa nyingi. Ndipo siku moja akaja mteja kutoka Nyamuswa, mwenye mashine, amerudisha pampu ya dizeli ambayo mume wangu alikuwa ameifunga wiki iliyotangulia.

"Mzee," akasema, "hii imekohoa siku mbili ikazima. Akina mama wamekaa pale na mahindi yao wananiangalia kama mimi ndiye nozo iliyoziba."

Mume wangu akaipokea. Akaifungua ile pampu polepole. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji cha mgeni. Nilimwona akitoa kipande kidogo cha ndani, akakipeleka kwenye mwanga, akakileta karibu na uso, akakipeleka mbali tena. Akasema, "Naona vumbi."

Mgeni akainamisha macho. Akatazama sakafu yangu.

Nilimpa uji wake, nikaondoka. Pampu ilifungwa upya, na yule mteja alipokwisha kwenda nilirudi bandani.

"Umenisema mbele ya mgeni," nikamwambia.

"Nimesema nini?"

"Vumbi."

Alichukua spana ambayo ilikuwa safi, akaifuta. Mwisho akasema, "Basi ni vumbi, mama. Tuyaache."

Mimi siyo mtu wa kuyaacha. Nilikuwa nimepaka sakafu ile Jumamosi, na ilikuwa Jumatatu. Niliapa moyoni kwamba hatakaa aone vumbi tena katika lile banda hadi anakufa, na kesho yake nikaanza kutafuta.

Zege sikulitaka. Lingemfukuza bandani wiki nzima, na udongo wa kiwanja chetu huvimba wakati wa mvua. Jirani alimwaga zege lake likapasuka toka ukuta hadi ukuta. Nilitaka kitu cha vipande, kinachoshikana chenyewe, ambacho nikiona kimeharibika kipande kimoja nang'oa hicho tu. Niliuliza mjini. Nikaambiwa kuna duka lina vigae vya plastiki vilivyopitia mpakani Sirari.

Nilikwenda na kikapu. Ndani ya kikapu nilikuwa na nyundo ya mume wangu na kichupa cha dizeli. Muuza duka akaniwekea vigae viwili mezani, akavikandamiza, vikashikana kwa sauti ya tak. Vizuri kwa macho. Nikatoa nyundo.

"Mama, umekuja kununua au kuvunja?"

"Nikishindwa kuvunja, nitanunua."

"Hivi vya sebuleni, mama. Sebuleni kwako mnapigana nyundo?"

"Kwangu kunaangushwa injini," nikamwambia. "Niruhusu mapigo matatu. Kikipona nachukua vyote ulivyonavyo."

Alikuwa mfanyabiashara, akakubali. Kikapasuka pigo la pili. Nilikilipa kile kimoja, maana nilikivunja mimi, nikaondoka.

Mara ya pili nilikwenda Bunda. Kule misheni walikuwa na uwanja wa kutengeneza matofali ya saruji ya kutandaza chini, si ya mraba, bali yenye kingo za kupinda kama meno ya msumeno. Ukiyapanga, jino la moja linaingia kwenye pengo la jingine, na hata lori likipita juu hayasogei. Fundi wa pale misheni aliniambia yanaumana. Nilipiga nyundo, nyundo ikaruka mkononi. Nikamwagia dizeli, ikaacha doa jeusi.

Hilo doa ndilo lililonirudisha nyumbani. Matofali yalikuwa meupe meupe, rangi ya majivu. Nikajiona mimi Jumamosi kwa Jumamosi nikisugua oili ambayo haitoki, na wageni wanaangalia. Halafu nikafikiria magoti ya mume wangu kwenye saruji baridi. Nikasema hapana. Ukinibana vizuri, nitakiri kwamba magoti yalikuwa sababu ya pili.

Mara ya tatu nilipata. Pale mjini kulikuwa na kiwanda kimefungwa, vitu vyake vinapigwa mnada, viti, meza, mapipa, mpaka masufuria ya jikoni. Katika lundo moja nikaona vipande vya mpira mnene, vyeusi, kila kimoja ukubwa wa sinia, vyenye meno pande zote nne. Vilikuwa vinatandikwa mbele ya mashine ili wafanyakazi wasichoke miguu. Nikapiga nyundo, haikuacha alama. Nikamwaga dizeli, sikuiona imeangukia wapi. Nikapiga goti, likazama kidogo kama kwenye godoro. Nikanunua lundo lote, na mwenye mkokoteni akalisukuma hadi Buhare akilalamika njia nzima kwamba nimenunua barabara.

Nilitandika mwenyewe kwa siku mbili. Nilisawazisha udongo, nikaanzia kona, jino kwa pengo, jino kwa pengo, nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kama nilivyofundishwa kupaka. Nilipomaliza nikamwita. Alisimama mlangoni. Alivua viatu, akakanyaga, akasimama tena.

"Ni nzuri," akasema. Kisha, "Ni nyeusi."

"Ndiyo. Haionyeshi kitu."

"Haionyeshi," akasema.

Nilisikia kama sifa. Watu wengine walisifu kweli. Waliokuja walivua viatu wenyewe bila kuambiwa, na nilipita pale na ufagio wangu kama mwenye hoteli.

Baada ya hapo gereji ikawa kimya. Zamani ukiwa jikoni ulisikia kazi: kitu kimeanguka, ametukana kidogo, amekiokota, ameendelea. Sasa kitu kikianguka hukisikii. Nilikuwa nachungulia namkuta amepiga magoti, viganja viwili vimetandazwa chini, anavisogeza taratibu. Nikasema moyoni, angalia anavyoipenda sakafu yake. Injini zilianza kukaa siku nyingi bila kuisha. Nikasema wateja wameongezeka. Mtu wa boti alikuja mara tatu kuulizia injini yake, mara ya nne akaja na mkokoteni akaichukua ikiwa imefunguliwa, vipande ndani ya karai. Nikasema ni mtu asiye na subira.

Wifi yangu alikuja kututembelea kutoka Butiama baada ya mavuno. Ni dada yake mkubwa, mwanamke asiyepima maneno yake, yeye anakumiminia tu. Alichukua kigoda akaenda kukaa gereji na ungo wa maharage, anachambua huku anaongea na kaka yake. Sijui walizungumza nini. Nilimwona anarudi jikoni na maharage hayajachambuliwa hata nusu.

"Wifi," akasema, "nani alichagua ile sakafu?"

"Mimi."

"Nilijua. Umemnunulia kaka yangu usiku."

Nikamuuliza anataka kusema nini, aseme. Tulikuwa tumezoea kutaniana, nikadhani ni utani wa mawifi.

"Baba yetu alianza hivi hivi," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Alikuwa anaona kama kuna vumbi hewani. Anapangusa uso, vumbi lipo tu. Baadaye hakuona ng'ombe wake, lakini aliwachunga miaka. Kila mmoja alikuwa na kengele yake, na mzee alikuwa anakaa anasikiliza, anasema yule mwekundu amevuka mto, mrudisheni. Kaka naye anasikiliza nati zake zikianguka. Sasa wewe umezivua zote kengele."

Nilikataa. Nilimwambia mume wangu haumwi macho, angeniambia. Wifi akachukua ungo wake. "Haya. Mwangalie."

Nilikwenda kumwangalia. Nilisimama mlangoni bila viatu, na ule mpira haukunisema. Alikuwa anafunga pampu. Washa moja ndogo, kile kiduara cha chuma cha kukalia nati, ikamponyoka. Niliiona mimi, ikadunda bila sauti, ikatulia kando ya goti lake la kushoto, nyeusi juu ya nyeusi. Yeye aliinua kichwa kidogo, akasubiri. Alikuwa anangoja imwambie iko wapi. Kisha akashuka chini akaanza kupapasa upande wa kulia, mbali, akatafuta mpaka ukutani, akarudi, akatafuta tena. Mtu aliyejua ugonjwa wa injini kwa sikio. Nilisimama pale nikaona mambo yote kwa mpigo mmoja, pampu ya Nyamuswa, kile kipande alichokipeleka kwenye mwanga na kukirudisha, wateja waliopotea, na kwamba akikosa hii kazi hana nyingine, na umri ule hakuna wa kumwajiri.

Nikasema, "Iko kushoto. Karibu na goti."

Hakushtuka. Aliiokota, akaifumba kiganjani.

"Lile vumbi," nikamwuliza, "lilikuwa wapi?"

"Machoni."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ulikuwa umeshachukua kikapu." Akakaa vizuri, mgongo kwenye injini. "Na sakafu ni yako. Niseme nini? Niseme rangi siipendi? Utauliza kwa nini. Nikikujibu, utajua wewe, atajua jirani, atajua Nyamuswa nzima. Fundi asiyeona nani atamletea injini?"

"Kwa hiyo ukaona bora lisemwe vumbi langu."

"Niliona bora," akasema. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba. Lakini nilikaa naye pale chini kwenye ule mpira mpaka wifi akaita kwamba chakula kimepoa.

Nilimpeleka hospitali. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, akasema kilichokwisha kupotea hakirudi, akatoa dawa ya matone ya kuchelewesha kilichobaki. Matone yenyewe siku nyingine yalipatikana, siku nyingine hayakupatikana.

Tuliporudi niling'oa sakafu yangu. Nilianzia mlangoni safari hii, jino moja baada ya jingine, na kipande cha kwanza kilikataa kutoka mpaka nikakikalia na kukivuta kwa mikono miwili. Kisha nikamwambia avae shati safi twende Bunda.

Fundi wa misheni alinikumbuka. "Mama wa nyundo," akasema. "Leo umemleta na mzee."

"Leo anachagua yeye."

Mume wangu alikuwa amejaza mfuko nati na washa. Alimwomba yule fundi apange matofali manane chini, yaumane sawasawa. Kisha akageuza uso pembeni, akaangusha nati ya kwanza. Ikalia, ikabingirika, ikalala. Alikwenda hatua mbili, akainama, akaiokota. Akaangusha ndogo zaidi, akaipata. Akaangusha washa nyembamba kama ukucha. Hiyo iliingia kwenye ufa kati ya matofali mawili.

"Hapa ndipo shida," akasema.

"Mzee," fundi akauliza, "kwani unatafuta nini?"

"Ninachoangusha," akajibu.

Fundi akaelewa au hakuelewa, sijui, lakini ndiye aliyetuonyesha namna ya kuziba nyufa: mchanga laini uliochekechwa na saruji kidogo, unafagiliwa mkavu mpaka ushuke wote, halafu unanyunyiza maji kidogo kidogo. Nilitandaza matofali mwenyewe na nyufa niliziba mwenyewe. Mpira nao sikuutupa wote. Vipande viwili alivifunga kamba akawa anatembea navyo kuwekea magoti. Vingine vilikwenda Butiama kwa wifi, akawatandikia ndama, akaniletea salamu kwamba ndama wamelala usingizi wa kizungu.

Alianza kufanya kazi bila viatu. Zile kingo za meno alizisoma kwa nyayo. Sanduku la spana mistari mitatu kutoka mlangoni, pipa la dizeli mistari saba, injini katikati. Mimi nilikatazwa kusogeza kitu chochote hata kwa kufagia, na nilitii, jambo ambalo wifi alisema hajawahi kuliona. Pampu za dizeli aliacha kuzipokea. Aliwaambia wateja ni kazi ya macho, na kwamba macho yake yamepungua. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele yangu. Wengine walikwenda kwingine. Yule wa Nyamuswa alibaki, akasema kumbe pampu si tatizo, pampu atapeleka kwingine, lakini injini anaileta hapa hapa. Kwa injini tupu tulimaliza kusomesha watoto.

Oili ilitia madoa kwenye yale matofali kama nilivyojua. Mwanzo nilisugua. Baadaye niliacha.

Alifanya kazi mpaka macho yote mawili yalipofunga, na mwaka mmoja na nusu baada ya hapo bado alikuwa anafungua na kufunga injini, anauliza tu wakati, kwamba ni asubuhi au jioni. Tulimzika kwao. Siku tuliporudi kutoka mazishi nilifagia gereji. Nati moja ilitoka chini ya pipa, ikabingirika kwenye matofali, nikasimama na ufagio nikiisikiliza mpaka ilipolala. Nikaenda nikaiokota bila kuitafuta.

Sasa mtu akiniambia kuna vumbi, namwuliza kwanza liko wapi.

Wajukuu, vigae vyenu nimeviona. Leteni kimoja, na nyundo, na nati tatu za ukubwa tofauti. Mkubwa wenu anayefanya kazi pale atageuza uso ukutani, nami nitaangusha.